Sauti ya Chini Iliyokosekana

Sharpstown, Houston

Kaka Zakaria,

Pokea salamu zangu wewe na wote hapo nyumbani. Je, goti la Mama limepungua uvimbe? Huku mimi si mgonjwa, na kazi ya usajili hospitalini inaendelea.

Ile video uliyotumiwa ni ya kweli. Mzee anayempiga mtu jukwaani ni Mwalimu Abner, kiongozi wa kwaya ya opera, yaani mchezo wa jukwaani unaoimbwa, ninayoimbia wikendi. Ameifundisha miaka thelathini na moja. Muda huo wote watazamaji hawakuwahi kumwona: husimama nyuma ya pazia na taa ndogo mkononi, akituongoza kwa mwanga wake.

Jumamosi mchana tuliimba sehemu ya ghasia. Kukabana koo jukwaani kuna kanuni. Anayekaba hulegeza mikono. Anayekabwa ndiye huishika mikono hiyo na kujitikisa mwenyewe. Mambo yakiharibika hupiga sakafu mara tatu, na aliye karibu humwokoa.

Derek, mwanakwaya mwenzetu, alipaswa kumkaba Baraka, Mkongo wa sauti ya chini kabisa, anayefanya kazi kwenye ghala. Wiki hiyo Baraka alikuwa amepewa mstari wa kuimba peke yake, ambao Derek aliuimba misimu mitatu. Derek akakaba kwelikweli. Baraka alianguka, macho yakamtoka, mate yakamtiririka. Watazamaji wakapiga makofi.

Pale nyuma ya pazia Mwalimu hakuweza kuona. Alisikia tu kwamba sauti ya Baraka haipo. Akaangusha taa, akaingia jukwaani na sweta yake, akampiga Derek usoni kwa stendi ya chuma ya kuwekea nota. Taya la Derek lilivunjika. Meno mawili yalidondoka kwenye mbao, na okestra ikaendelea kupiga kidogo kabla ya kunyamaza.

Wakubwa wa opera walimsimamisha Mwalimu kazi, wakataka kumfukuza. Derek aliapa kwamba alikuwa akiigiza. Wanakwaya waliandika kwamba hawakuona tofauti.

Mimi niliiona. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwao, upanga wa mbao mkononi. Baraka alipiga sakafu mara tatu, kisha tatu tena. Zamu yangu ilikuwa imefika, nikaimba.

Baraka alinipigia simu, sauti bado ikikwaruza.

"Ndugu, weye uliniona. Ulikuwa unaimba ya maziko yangu?"

"Nilikuona."

"Basi uwaambie. Muzee wetu anafukuzwa juu ya kuniokoa."

Huko nyumbani niliandika habari za maiti gazetini miaka kumi na minne. Taarifa hii kwa wakubwa ilikuwa ukurasa mmoja, na ilinichukua siku mbili.

Mwalimu amerudishwa kazini. Mimi nimeondolewa kwayani kwa kupuuza ishara, na ni haki. Nilipokwenda kuchukua viatu vyangu, nilimkuta Mwalimu peke yake akipanga nota. Nikamwomba radhi.

"Nilikusikia siku ile," akasema. "Baraka alinyamaza, na wewe ukaingia kwa wakati wako hasa, safi kabisa." Akanyoosha karatasi. "Ni mimi niliyekufundisha hivyo."

Nikachukua viatu vyangu, nikatoka.

Nisalimie shemeji, mkeo, na shangazi Rael wa duka la mbegu. Mjomba Elisha, fundi wa redio, mwonyeshe barua hii, Mama usimwonyeshe. Yeye mwambie tu nimeacha kuimba, basi.

Mdogo wako,
Josia