Sahani ya Kupakulia Haitundikwi

Yustina mkamwana, nani alikutuma kumwahidi Sista Mjerumani sahani yangu pana ya kupakulia? Mama mkwe wangu aliipata kwa kuwafulia Wajerumani bomani, nawe unawarudishia kwa tamaa ya biskuti! Marahaba, ingawa hujaniamkia.

Niko hapa misheni Biharamulo, nimemletea Sista asali. Tangu vita vianze sukari haionekani dukani, lakini yeye anaoka biskuti za kwao za mdalasini na karafuu. Nyumba yote inanukia pilau. Nikanyoosha mkono, akasema, "Bado, Bibi, hizi huwekwa zilainike mpaka Krismasi." Akazifungia mkebeni! Mgeni nikameza mate.

Ukutani ametundika sahani za zamani. Nikauliza zimekosa nini. "Ni za kale, Bibi, hazitumiki tena." Nikamjibu, "Hata mimi ni wa kale. Utanitundika wapi?" Akacheka, lakini yangu bado anaitaka.

Wajukuu zangu wasalimie, nimewakumbuka mno. Jumapili Sista ananileta nyumbani Ntobeye kwa gari la misheni, aichukue sahani. Wewe pika ndizi na maharage, uijaze sahani hiyo, utuwekee mbele sote tule. Ukimwona anaikodolea macho, mwongezee maharage.