Karani wa Mkia Mwekundu

Jumatatu, 4 Machi

Meneja wa uwanja ameniita ofisini. Kijana wa watu, umri wa kuwa mwanangu, ananiita mama hata anaponikaripia. Anataka kijitabu. Kurasa nane, picha, karatasi ya kung'aa – historia ya mashirika yote na ndege zote zilizowahi kutua hapa tangu uwanja ufunguliwe.

Kwa nini mimi? "Wengine wote tumekuja juzi, mama. Wewe uko kaunta tangu enzi za Fokker."

Kweli. Miaka ishirini na sita napima mizigo ya watu.

Kijitabu ni cha uzinduzi wa shirika jipya, Jumatatu ya tarehe 18. Nikauliza, kwa kuuliza tu, mkurugenzi wake ni nani. Akanitajia jina. 

Ni Tai. Ndivyo tulivyomwita zamani, kwa sababu ya tai aliyofunga shingoni hata jua la saa nane – si kwamba aliwahi kuruka popote. Alikuwa mkuu wa kituo wa Mkia Mwekundu, shirika lililoniajiri mwanzo. Ndiye aliyemwangusha mume wangu. Sasa anarudi na ndege zake mwenyewe, na mimi ndiye wa kumwandikia kitabu cha kumkaribisha.

Nimemwambia meneja nitaandika. Tena kwa moyo wote.

Jumatano, 6 Machi

Nimeanza. Nisijifiche, kazi yenyewe ni tamu.

Kwanza shirika la serikali. Fokker moja, viti arobaini na vinne, Jumanne na Ijumaa. Nilikuwa shule. Watu walikoga, wakavaa vizuri, wakaja uzioni kuitazama tu. Hakuna aliyekuwa na safari. Walipoiondoa walisema ni kwa muda.

Halafu Mkia Mwekundu. Walinunua Fokker ile ile, wakapaka mkia. Hapa nimeacha nusu ukurasa mtupu. Nitarudi.

Halafu Kipepeo. Karavani ya injini moja, viti kumi na viwili, rubani anabeba mabegi mwenyewe na kupima abiria mmoja mmoja kwenye mizani ya magunia. Mama mmoja mwenye mwili wake alikataa kutaja kilo zake mbele ya mkwewe. Ndege ikachelewa nusu saa, mpaka mkwe alipoombwa akasimame nje.

Halafu wale wa vifaranga. Abiria sita mbele, vifaranga elfu mbili nyuma. Ukishuka pale, hata ukienda kanisani au msikitini, watu walijua umesafiri na nani.

Halafu jeti. Walirefusha njia ya kurukia, wakapaka choo rangi, jeti ikaja mara tisa. Ya kumi tulisubiri na maua mpaka yakanyauka.

Halafu Dash za kukodi, kila mwaka rangi mpya juu ya ile ya zamani. Ukisimama karibu unasoma majina matatu ubavuni.

Mashirika hayaagi. Unafika asubuhi, kaunta yao ina vumbi, bango linaning'inia kwa msumari mmoja.

Nusu ukurasa bado mtupu.

Ijumaa, 8 Machi

Leo off. Wifi amekuja – dada wa mume wangu, nyumba ya pili kutoka kwetu. Nilimvutia jikoni nikamwambia Tai anarudi. Aliweka kikombe chini polepole.

"Mwandike," akasema. "Mwandike mpaka wajukuu zake waone haya."

Basi niyapange hapa kwanza, niyaone.

Mume wangu alikuwa mkaguzi wa njia ya kurukia. Kila asubuhi anaendesha pikapu kutoka mwisho huu hadi ule – mbwa, mawe, maji. Asubuhi ile ilikuwa imenyesha sana. Saa moja na dakika kumi akamwambia Tai kwa redio ya mkononi: maji yamesimama upande wa mashariki, ndege isubiri. Hatukuwa na mnara siku hizo. Shirika lenyewe ndilo lililompa rubani habari za njia. Tai hakumwambia rubani neno. Ndani ya ndege kulikuwa na wakubwa, na safari ilikwishaahirishwa mara mbili.

Fokker ikagusa, ikateleza, ikaishia mtaroni. Bawa moja likakatika. Hakufa mtu. Mhudumu wa ndani alivunjika nyonga, hadi leo anatembelea mkongojo.

Ripoti ikasema mkaguzi alitangaza njia ni kavu. Rumande wiki tatu. Kazi kwaheri. Picha gazetini, kaduwaa kama mwizi wa kuku. Tai akapandishwa cheo, akahamishiwa makao makuu.

Ni miaka kumi na tisa. Mume wangu anatengeneza cherehani uani. Hajakanyaga uwanjani tena. Ila ndege ikipita, bila kuinua kichwa anasema: "Dash. Injini ya kushoto inataka kuangaliwa." Hakosei.

Nataka Tai asome jina lake mbele ya wageni wake, suti imepigwa pasi, kamera zinamtazama. Nataka kinywaji kimkwame.

Jumapili, 10 Machi

Niandike basi. Daftari hili halina msomaji.

Ile ripoti niliipiga taipu mimi.

Tai alisimama nyuma ya kiti changu, akawa anatamka, mimi nagonga. "Mkaguzi aliripoti kwa redio kuwa njia ni kavu." Redio ilikuwa juu ya meza yangu. Nilisikia kwa masikio yangu alichosema mume wangu. Vidole vikasimama. Tai hakupandisha sauti. Aliniangalia tumbo – mimba ya miezi saba – akasema, "Mmoja wenu akikosa kazi, mtaishi. Mkikosa wote wawili?"

Nikagonga. Chini yake nikasaini, mkato tu bila jina: karani, shahidi.

Mume wangu alipotoka rumande akaniuliza kama nilisikia lolote kwenye redio. Nikamwambia nilikuwa nje, nahesabu mizigo.

Jumanne, 12 Machi

Amekuja. Kukagua kaunta yake mpya, na mafundi wawili wenye futi za kupimia. Kichwa kimekuwa cheupe. Tai ni ile ile, au mdogo wake.

Nilijiandaa asinitambue. Ningechukia vizuri. Alinitambua kabla sijafungua mdomo.

"Dada! Bado upo? Ungekuwa mti ungeshaota mizizi." Akacheka, mafundi wakacheka. "Na mzee hajambo?"

"Hajambo."

"Mpe salamu zangu. Yale yalipita. Sote tuliumia, kila mtu kwa namna yake."

Alisema hivyo. Kwa namna yake!

Meneja akaniagiza chai ya mgeni. Nikampelekea. Sukari vijiko vitatu, kama zamani – mkono unakumbuka mambo ya kijinga. Akanikalisha. Akasema anatafuta mkuu wa kituo hapa na ameshamaliza kutafuta. Ni mimi. Kiti chake cha zamani, kwa maana nyingine.

"Vijana wanajua kompyuta," akasema. "Mimi nataka mtu anayejua wakati wa kunyamaza."

Nikasema nitafikiri. Nikatabasamu. Nimetoka mle nikaenda chooni nikanawa mikono mara mbili.

Nilikuwa na wasiwasi kidogo juu ya ule nusu ukurasa. Sina tena.

Jumatano, 13 Machi

Nimeujaza. Nimeandika jina lake, la kwake na la baba yake. Nimeandika saa moja na dakika kumi. Nimeandika maji, upande wa mashariki, onyo lililotolewa na halikufikishwa. Nimeandika kwamba mkaguzi alisema kweli.

Na sentensi hii: "Karani mmoja wa shirika alilazimishwa kupiga taipu maelezo ya uongo."

Karani mmoja. Nimeikata mara nne, nimeirudisha mara nne. Bila hiyo, watu watauliza uongo uliingiaje kwenye karatasi. Nikiongeza neno moja, nimekwisha. Imebaki hivyo.

Meneja alikuwa mbioni, simu mbili masikioni. "Mama, nakuamini. Peleka kiwandani." Nimepeleka mwenyewe. Mpiga chapa hakusoma, aliuliza tu kama nataka pini au gundi.

Ijumaa, 15 Machi

Nakala mia tatu, maboksi matatu. Zinanukia wino. Nimeyasukuma chini ya kaunta yangu na miguu nimeiweka juu yake siku nzima.

Ukurasa wa tatu umetoka vizuri. Jina lake halikukosewa hata herufi. Sikumbuki lini nilikula kwa hamu kama leo mchana.

Nakala moja nimempa wifi. Nilimwambia afiche mpaka Jumatatu.

Jumamosi, 16 Machi

Wifi hakuficha. Ningejua.

Saa kumi, tuko uani. Mume wangu na cherehani ya fundi wa jirani, ameifungua yote, skrubu amezipanga kwenye kifuniko cha kopo. Wifi akaingia anapepea kijitabu. "Kaka, acha hilo dude, sikiliza mke wako amekufanyia nini."

Akasoma kwa sauti, amesimama, kama anasoma barua ya mfalme. Mume wangu hakuinua kichwa. Lakini mikono ilisimama. Wifi alipofika pale pa "mkaguzi alisema kweli", nilimwona anafunga macho. Miaka kumi na tisa nilikuwa naidai dunia dakika hiyo. Niliipata. Haikufika hata dakika.

Wifi akaendelea. Karani mmoja wa shirika.

"Rudia hapo," mume wangu akasema.

Akarudia.

"Karani gani?"

"Karani tu, kaka. Si walikuwa makarani?"

"Walikuwa wawili," akasema. Akafuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja. "Miaka yote nilijua ni yule mwenzake mke wangu. Nilikataa hata kwenda kumzika."

Nakumbuka. Nilikwenda msibani peke yangu. Sikumuuliza kwa nini haji. Sasa najua kwa nini sikuuliza.

Ningeweza kunyamaza. Yule marehemu asingekuja kubisha. Tai mwenyewe alisema mimi najua wakati wa kunyamaza – nadhani ndilo lililonifungua mdomo.

"Ni mimi," nikasema.

Wifi akakunja kijitabu mara mbili. Akatafuta ndala zake, akavaa, akaondoka. Hakuniaga.

Mume wangu alirudia skrubu zake. Akaziokota moja moja, akaifunga ile cherehani mpaka mwisho, akaijaribu. Ikashona. Ndipo akasema, "Uliniambia ulikuwa nje unahesabu mizigo."

"Ndiyo."

"Hata idadi ulinitajia. Thelathini na moja."

Sikumbuki kama nilitaja idadi. Yeye anakumbuka.

Jumapili, 17 Machi

 Mume wangu amekula. Ametoa sahani mwenyewe, ameosha.

Saa tano ikapita ndege juu. Hakuitaja.

Nafikiria maboksi yale matatu. Naweza kuyachoma kesho alfajiri. Halafu namkumbuka Tai na vijiko vyake vitatu vya sukari, na hasira inanirudia moto moto, safi kabisa. Karibu niishukuru. Nikiwa nayo sifikirii jingine.

Jumatatu, 18 Machi

Saa sita kasoro. Naandikia kauntani, kati ya abiria na abiria.

Nilipoamka mume wangu alikuwa bado amegeukia ukuta. Nikaja kazini. Sikuchoma kitu. Nimegawa kijitabu kimoja kwa kila kiti.

Ndege ilitua saa nne na dakika ishirini. ATR mpya, nyeupe, viti sabini na viwili. Nzuri, sitasema uongo. Wageni wakapiga makofi. Tai akapanda jukwaani, akashukuru kila mtu, akasema uwanja huu una historia ndefu na akafungua kijitabu awasomee kidogo.

Ukurasa wa kwanza. Wa pili, watu wakacheka pale pa mkwe na mizani. Wa tatu.

Nilikuwa nimesimama hatua kumi kutoka kwake. Niliona macho yanateremka, yanasimama, yanarudi juu. Akakifunga. Akasema muda hautoshi. Wa mistari ya mbele wote walikuwa wameinamisha vichwa, wanasoma. Nilisubiri sana kuuona uso ule. Nimeuona. Ni uso wa mzee aliyetishika, basi. Nilidhani ningeshiba.

Ndipo mlango wa wanaowasili ukafunguka, akaingia mume wangu.

Shati jeupe alilovaa harusi ya binti yetu mkubwa. Amenyoa. Alisimama kidogo anatazama juu, dari jipya, hajawahi kuliona. Akapita mbele ya kaunta yangu kama anapita mbele ya duka lililofungwa. Akamwendea meneja, akamwambia kitu. Meneja akamtazama Tai. Wakaingia ofisini watatu. Mlango ukafungwa.

Dakika arobaini na tano sasa. Nimepima mabegi kumi na manne. Mwanamke mmoja ameniambia nimempa lebo ya begi la mtu mwingine. Mle ndani nasikia sauti moja tu, ya Tai, inapanda na kushuka. Ya mume wangu siisikii.

Meneja ametoka. Jasho hadi kwenye kola. Anakuja huku. Amefika.

"Mama, mkurugenzi anasema atatupeleka mahakamani. Anasema hakuna karani aliyelazimishwa, ni hadithi tu. Mzee anasema karani yupo, yu hai, anamjua. Tumemwomba jina, hataki. Anasema mwenyewe atajitaja akitaka."

Nimemwambia anipe dakika, namalizia kuandika kitu. Anadhani najaza fomu ya mizigo.

Ameacha mlango wazi. Naona kiwiko cha Tai kinatikisika. Naona mgongo wa mume wangu, wima, mikono juu ya magoti. Hajageuka.

Meneja ananiuliza mara ya pili. Kama namjua huyo karani. Nafunga daftari, nasimama.