Je, Uliwauzia na Mapishi?

Chumba cha nyuma,
Mgahawa wa Aiskrimu,
Mkabala na lango la chuo.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, goti limepoa na baridi ya huko umeanza kuizoea. Sisi huku hatujambo. Baba, kaka yako, kifua kimemwachia, amerudia kazi yake ya kumgombeza kila apitaye mlangoni. Mimi mwili mzima, ila roho iko juu juu tangu Jumatano, ndiyo maana mwandiko wangu unakimbia hivi. Hapa nilipo nimeshainuka mara tatu kukagua friza ambayo haina tatizo lolote.

Mgahawa wako umeuzwa tena. Huyu ni mmiliki wa nne tangu uondoke.

Yule mwalimu mstaafu uliyemkabidhi funguo alidumu miaka minne, akitaka wanafunzi wale aiskrimu kimya kama wako kwenye mtihani. Wakaja mume na mke. Mmoja akipaka ukuta rangi ya waridi, mwenzake anapaka kijani juu yake. Fahali wawili hawakai zizi moja, wakaachana wakagawana hadi viti. Muuza matairi naye alikuja akiamini aiskrimu ni kazi ya kukaa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake; baada ya mwaka na nusu alirudi kwenye matairi yake. Wote wameondoka, mimi nimebaki. Nauzwa pamoja na friza, Shangazi.

Huyu wa sasa alisoma hapa hapa chuoni, alimaliza kama miaka sita iliyopita. Anasema alimchumbia mkewe kwenye meza ya dirishani, kwa bakuli moja na vijiko viwili. Ni kijana mstaarabu, lakini anatembea na mizani ndogo mfukoni, kwa hiyo tumembatiza Bwana Vipimo. Jumatano aliniita jikoni.

"Dada, nimenunua jengo, mashine na mapishi ya Mama mwanzilishi. Naomba uniandikie kila kitu kwenye daftari, gramu kwa gramu. Jumatatu wanakuja wapishi wawili, uwafundishe."

"Na mimi nikishawafundisha?"

"Tutaona, dada."

Mimi "tutaona" ya bosi mpya naijua. Tangu hapo sikai nikatulia. Nafua nguo safi, nimemkaripia mteja aliyeomba kijiko tu. Nikakaa nikuandikie nikuulize jambo moja: je, uliwauzia na mapishi, au uliuza kuta na friza peke yake?

Lakini kabla hujajibu nina la kuungama, na nimelificha miaka tisa. Wewe ulinifunza maziwa na sukari yachemke mara moja, yaepuliwe yangali meupe. Wiki ya kwanza baada ya safari yako wanafunzi walifurika, nikasahau sufuria jikoni. Niliporudi maziwa yalikuwa rangi ya chai, yameshika chini. Nilitaka kuyamwaga, ila foleni ilikuwa imefika barabarani, basi nikayagandisha hivyo hivyo huku nikilia. Wakala, wakalamba vijiko, wakasema ladha ya Mama haijabadilika! Tangu siku ile nayaachia yashike makusudi. Kila aliyenunua mgahawa huu amesifia mapishi yako huku akila kosa langu.

Na Bwana Vipimo pia. Alichomlisha mchumba wake pale dirishani ni changu.

Nilianza barua hii nikitaka jibu lako, sasa naona sina haja nalo. Kama uliuza mapishi, uliuza yako. Kwa hiyo nitamwandikia yako, neno kwa neno ulivyonifunza, na wapishi wake nitawafundisha kwa moyo mweupe. Alichonunua ndicho atakachopata. Langu naondoka nalo. Mama wa fotokopi, upande wa pili wa barabara, amekubali kunipa nusu ya chumba chake, na sufuria ninayo.

Njaa siiogopi sana. Ninachoogopa ni kwamba wanafunzi wataonja aiskrimu yako halisi, waipende kuliko yangu. Hapo ndipo nitajua kama miaka yote hii nilikuwa mpishi, au niliunguza maziwa tu na watu wakanionea huruma.

Nisalimie binti yako, mkwe wako na wale wajukuu pacha. Waambie mama yao mdogo mwenye domo hajalifunga bado. Baba anakusalimu, na anauliza kwa nini hupigi simu. Mungu akuzidishie afya na akulinde ugenini.

Uninenee neno jema, Shangazi, hata kama umekasirika. Barua hii ikikufikia, nitakuwa nimeshavuka barabara.

Mwanao akupendaye sana,
Kidomo