Namba Zinazotembea Zenyewe

Mafinga, Jumatano, Julai 1978

Baridi ya leo haina adabu. Asubuhi nyasi za uani zilikuwa nyeupe na maji ya ndoo yameshika ukoko juu. Ukungu ulikaa barabarani mpaka saa nne, malori ya mbao yakawa yanapita yamewasha taa. Naandika jikoni, maharage yanachemka. Mikono yangu bado inanuka mafuta ya mashine, lakini nikingoja kuosha na kula nitasahau jinsi ilivyokuwa.

Nimegundua kitu.

Nianze na kisanduku. Juzi alikuja fundi umeme kutoka Mbeya, kijana mpole aitwaye Ambakisye, amekipakata ndani ya lori kama mtoto mgonjwa. Ni kisanduku cha chuma chenye kioo mbele, na kwenye kioo zinawaka namba nyekundu. Kilikuwa kwenye mashine iliyokufa huko kwao, Meneja wetu akakiomba kije kufungwa kwenye grainda yetu kuukuu.

Grainda ndiyo mashine yangu. Jiwe la mviringo linazunguka, chuma kinapita chini yake mezani, na kila kikipita jiwe linakilamba kidogo sana. Nanoa visu vya kurandia mbao. Visu vinavyofungwa pamoja lazima vilingane upana, kimoja kikizidi hata kwa unywele randa inatetemeka na mbao inatoka na mawimbi.

Siku zote kimo cha jiwe tumekisoma kwenye mistari ya gurudumu la mkono. Mistari imefutika nusu na gurudumu lenyewe limelegea. Kisanduku hakina habari na gurudumu. Kina kioo kirefu chembamba kinachofungwa kwenye nguzo ya mashine, na jicho linalopanda na kushuka pamoja na jiwe. Jiwe likisogea namba zinabadilika, likitulia zinatulia. Nilimwuliza Ambakisye jicho linajuaje. Akasema kile kioo kina mistari mingi mno, macho yetu hayaioni, na jicho linaihesabu. Nikauliza linahesabuje. Nikauliza tena. Mwishoni akacheka: "Mama, wewe ungesomea umeme."

Meneja hakukileta kwa kupenda vitu vipya. Mwaka jana, majira kama haya, aliyekuwa kwenye grainda ni mume wangu, Baba Tumaini. Ndiye aliyenifundisha, wakati huo mimi nikiwa stoo. Kiwanda kilikuwa kimenunua randa mpya, isiyosamehe kama zile za zamani, na visu vyake vikaanza kutoka havilingani. Alirudia, vikakataa. Wakasema mkono wake umekwisha. Wakasema ni ulanzi, pombe ya mianzi, ingawa msimu wake ulishapita, lakini nani alijali? Agosti akahamishiwa uani kupanga magogo, mimi nikawekwa mahali pake. Joto lilipoingia visu vyangu vikatoka sawasawa, na watu wakapata jibu lao.

Hata mimi nilianza kulikubali lile jibu.

Tangu siku hiyo Baba Tumaini hajaniuliza chochote kuhusu mashine. Anarudi ananuka utomvu wa paini, anauliza habari za mtoto, za shamba, za mama yake kule Igowole. Grainda haitaji. Mtu aliyekuwa akiniamsha usingizini kunieleza habari za jiwe jipya.

Halafu Juni baridi ikarudi, na visu vyangu vikaanza mchezo uleule. Meneja alivipima, akaniangalia, akasema, "Au hii ni ya nyumba nzima?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Ndipo akaagiza kisanduku, kitoe ushahidi kama kosa ni la mashine au la mikono yetu.

Jana kutwa tulikuwa tunatoboa na kufunga. Leo asubuhi Ambakisye akawasha, nikaweka namba zote sifuri, nikaondoa mikono. Jiwe halizunguki. Hakuna aliyegusa kitu.

Namba zikaanza kutembea.

Polepole sana. Ile ya mwisho ikawa moja, ikakaa, ikawa mbili, ikakaa tena. Ambakisye akasema ni jenereta, umeme wake unayumba. Misumeno ikazimwa, jenereta likatulia, namba zikaendelea. Akabadilisha waya. Zikaendelea. Akashika kiuno, akasema kimeharibika njiani, barabara ya Mbeya inajulikana, afadhali akifungue arudi nacho.

Nikamwomba angoje. Si kwamba nilijua kitu, nilitaka tu kujua kwa nini kifaa kilichoharibika kiwe na mwendo wa taratibu namna ile. Kitu kibovu huruka-ruka. Hiki kilikuwa kinatembea kama mtu anayejua anakokwenda. Nikachukua saa ya kupimia, ile ndogo ambayo mshale wake huonyesha chuma kikisogea hata kwa unywele, nikaisimamisha mezani, ncha yake ikagusa chuma kinachobeba jiwe. Tukatulia kuutazama mshale.

Nao ukasogea, upande uleule.

Nilisisimka mwili mzima. Vitu viwili visivyojuana vilikuwa vinasema jambo moja. Basi jiwe lilikuwa linapanda kweli, bila mtu kuzungusha gurudumu. Nikaanza kuizunguka mashine, nikichungulia huku na huku kama anayetafuta yai la kuku, nini kinalisukuma. Nyuma ya nguzo nikakuta kitu ninachokiona kila siku.

Jiko la mkaa.

Kila msimu wa baridi linakaa hapo, kati ya nguzo na ukuta, mahali ambapo upepo haufiki. Anayeingia asubuhi anaanzia hapo, anasalimu kamwene, kamwene, anakanza mikono, anapewa chai, ndipo anakwenda kwenye kazi yake. Aliyeliweka ni Baba Tumaini, miaka mingi iliyopita. Nilipokuwa stoo nilikuwa nabuni safari za kwenda kwa mtu wa grainda, nijifanye namwuliza hesabu ya mawe, kumbe nafuata moto wake. Tulijuana hapo. Tangu wamhamishe nimekuwa nikiliwasha mwenyewe, palepale. Hakuna aliyeniagiza.

Nikajikinga mikono kwa magunia, nikalibeba nje. Wenzangu walinung'unika, mmoja akasema sasa nimekuwa bosi. Namba zikapunguza mwendo, zikasimama, kisha zikaanza kurudi chini. Nikalirudisha jiko. Baada ya muda zikapanda. Ambakisye akashika nguzo kwa kiganja, kwanza mbele, halafu nyuma.

"Ndaga fijo, mama," akanishukuru kwa Kinyakyusa. "Chuma kinaota moto kama sisi."

Nguzo nzito vile, isiyobebwa na wanaume kumi, inanyanyuliwa na moto wa chai! Kisu cha kwanza kinanolewa nguzo ikiwa baridi. Kinapoingia cha pili moto umekolea, jiwe limepanda, kisu kinabaki kipana. Joto likiingia hakuna anayewasha jiko, na visu vinatoka sawa. Mikono ya Baba Tumaini haikuwa na kosa.

Nikamwonyesha Meneja, tukatoa jiko na kulirudisha mbele ya macho yake. Alitazama kwa makini, hilo simnyimi. Akasema, "Basi jiko likae nje." Nikasimama kungoja aseme na lile jingine, kwamba Baba Tumaini alisingiziwa. Akachukua kofia yake akaondoka.

Njiani kurudi nyumbani nilikuwa na furaha, halafu hasira, halafu hofu. Furaha najua sababu yake. Hasira ni ya Meneja. Hofu ni kwamba nilikuwa nakwenda kumwambia mume wangu kuwa hana kosa, na kwamba kilichomwangusha ni moto alioukoka mwenyewe, kwa wema wake.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda anavua mabuti. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, haraka, kama anayeogopa kukatizwa. Akabaki ameshika buti moja mkononi. Nilidhani atanyanyuka atoke nje, ndivyo anavyofanya siku hizi.

"Namba zilikuwa zinapanda au zinashuka?"

"Zinapanda."

"Na ulipotoa moto, zilirudi mpaka sifuri?"

"Hapana. Kidogo zilibaki."

Akafikiri. "Hukungoja. Nguzo ile inapoa kwa saa nzima, ni nene kwa ndani kuliko unavyoiona."

Nikajikuta nalia, naye akashangaa, akadhani amenisema vibaya.

Kesho tutakwenda pamoja mpaka mlango wa Meneja, na lile neno alilolibania leo nitamwomba alitamke mbele yetu sote. Hilo nimeliamua, na sitarudi nyuma. Ila mashine ni moja, nami nimeshaipenda. Napenda sauti ya jiwe linapogusa chuma mara ya kwanza. Sasa napenda na zile namba nyekundu. Nataka mume wangu arudishiwe jina lake. Je, niko tayari arudishiwe na mashine, mimi nirudi stoo?

Maharage yameiva, naye ananiita kutoka sebuleni, anataka kujua lile jicho linahesabuje.