Vidole Kwenye Mgongo wa Paka

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo shemeji yangu anakuja na gunia kumchukua paka wa marehemu mama mkwe akamtupe mbali, anasema mzimu wa mama umemwingia, nami kwa hofu nikakubali, ila roho inanisuta. Mimi ni fundi cherehani, nashonea sebuleni, mama mkwe ana wiki tatu tangu tumzike na chumba chake tumekiacha kama kilivyo, kiti chake dirishani na mshubiri wake kwenye chungu, ule aliokuwa akiukata na kumpaka mwanawe mikononi, kwa kuwa mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma na kila siku hurudi cheche zimemuunguza. Sasa kila jioni inapokaribia saa kumi na mbili nasikia mtu chumbani humo akiimba kwa chini wimbo wa mama, kisha kimya, kisha paka anatoka manyoya ya mgongo yamelowa, na mshauri, naapa, ni alama za vidole vitano, za manjano, zinanata. Anajilamba weee mpaka zinaisha, halafu anatapika, anatetemeka, anakaa mlangoni akikitazama kile kiti kitupu. Nikiingia nakuta kiti kina joto na jani limekatwa upya. Chumba kina mlango wa uani, mume wangu hupitia huko akitoka kazini, nikimuuliza anasema hajaona kitu, na macho yake mekundu, nadhani naye anaogopa. Nimekonda, jana nimeshona mkono wa shati mahali pa kola. Nimwache paka aende?

Dada fundi, pole kwa msiba na pole kwa hofu. Lakini mwenzangu, umeniandikia jibu lote halafu hukulisoma. Nani hapo kwenu ana mikono ya kupakwa mshubiri? Nani hupitia uani saa hizo na kutoka na macho mekundu? Marehemu hapashi kiti joto. Ni mumeo. Anakaa pale, anajipaka mwenyewe, anaimba, anampapasa paka wa mama yake huku analia. Anakuficha kwa kuwa anaona haya, mwanamume mzima.

Na paka hajaingiwa na mtu. Mshubiri ni sumu kwa paka, hasa ule utomvu wa manjano chini ya ganda. Mumeo anajipaka anapoa, paka anaulamba manyoyani unamvuruga tumbo na kumlegeza mwili. Wiki tatu unamtazama kiumbe akitetemeka, na mtu uliyemfikiria ni mwenye gunia, si daktari. Hapo sikusifu hata kidogo.

Leo hii muoshe mgongo kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, umpeleke kwa daktari wa mifugo, na jani ukamwonyeshe. Usimnyweshe dawa ya kubuni wala kumtapisha. Chungu kikae asikofika. Shemeji mwambie gunia lake akatilie mkaa.

Kwa nini paka anakitazama kiti kitupu, hilo sijui, na sitajifanya najua. Ila ikifika jioni, zima cherehani. Nunua dawa ya kuungua dukani, ingia chumbani kwa mama kabla ya mumeo, umngoje. Akifungua mlango usimuulize chochote. Shika mikono yake, umpake wewe.