Saini ya Ami Khalfan

Ghubra, Maskati

Noof mwenzangu,

Vigelegele vya mama yangu bado navisikia. Alikupigia wewe, ufadhili ulipotoka: miezi sita ya mafunzo ya biashara ya kimataifa Singapuri, tiketi na chumba juu ya wafadhili. Mimi, niliyewekwa wa akiba, sijapigiwa hata kimoja.

Huku joto limezidi. Bibi hajambo huko Unguja?

Ijumaa baba yako alinipa fomu ya idhini niisome. Akaniuliza, "Mwanangu, we msomi. Nimwache Noof ende peke yake?"

Nilijua chuo cha Singapuri kimepanga mwalimu wa kukupokea. Nikamjibu, "Ami Khalfan, mie singemwacha."

Hakutia saini. Usimlaumu. Jana nimeikubali nafasi yako.

Nduguyo,
Nawar