Uso wa Mwadime Gazetini

Nairobi, Jumapili baada ya kanisa

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zetu sisi watatu. Je, mguu umeacha kukuuma? Mvua imefika hapo Voi, ama mahindi yamekauka tena? Sisi tuko. Mkamburi ameota jino la pili, lakini kifua hakijamwacha, anakohoa mpaka anatapika maziwa. Chumba chetu hakipati jua. Hata hivyo anacheka, na akicheka mimi nasahau mengine.

Barua yako uliyoandikiwa na Baba Mdogo nimeisoma mpaka imechakaa. Unasema umebandika gazeti ukutani, na ukiamka unamsalimia kaka Mwadime. Nililia, Mama. Sasa nina neno gumu la kukwambia.

Unajua Baba Mkamburi alivyopewa kazi ya kumchora Bwana Radi, yule wa gazetini anayeruka angani na kuinua gari la moshi kwa mkono mmoja. Mzee aliyekuwa akimchora tangu mimi niko shule, macho yake yameingia ukungu. Lakini kazi bado ni ya kujaribiwa. Baba Mkamburi akiuiga uso ule wa zamani, unatoka umekufa kama sanamu ya udongo. Ndipo akampa Bwana Radi uso wa Mwadime. Walikata mkonge pamoja, anamjua, na tulimzika bila hata picha moja.

Wasomaji wamekasirika. Wanaandika, "Bwana Radi wetu mmempeleka wapi? Huyu mwenye masikio ya popo ni nani?" Alhamisi mkubwa wa gazeti akamwita. "Nilitaka shujaa, wewe umenichorea kibarua wa mkonge! Rudisha uso wa zamani, ama rudi kwenu ukapake rangi vibao vya maduka."

Alikuja nyumbani, chakula hakukigusa. Akasema, "Mama Mkamburi, siwezi kumfuta shemeji kwa mkono wangu."

Nikamwambia, "Mfute."

"Na mama yako je?"

"Mama nitamwandikia mimi. Mtoto anataka dawa."

Basi ni mimi, Mama, si yeye. Usimkasirikie. Jumamosi usimtume mtu stesheni kuchukua gazeti. Utamkuta Bwana Radi yule wa kwanza, mwenye mashavu.

Baba Mkamburi amepata karatasi nzito, anataka kukuchorea Mwadime mwenyewe, si wa kuruka, amevaa shati lake la kanisani. Naamini itapendeza, utaiweka mahali pazuri. Lakini jana alipofika kwenye nyusi akaniuliza lile kovu lilikuwa upande gani. Nikasema kulia. Tukafungua magazeti kutazama. Hili kulia, lile kushoto.

Nisalimie Baba Mdogo anayekusomea hii, mwambie asome pole pole. Msalimie Nyanya mzaa baba, na dada yangu wa Bomeni akija kukuona. Mkamburi anakupungia mkono, nimemfundisha.

Nijibu upesi, Mama. Kovu lilikuwa upande gani? Karatasi iko hapa mezani, na Baba Mkamburi hajathubutu kuyachora macho.

Ni mimi mtoto wako,
Wakesho